Imani Isivae Nguo ya Kuazima



Tunaanza kwa kuungama. Katika siku moja ya mafungo, ambayo sisi wenyewe wa chama tuliiandaa, mhubiri mmoja mlei alisimama mbele ya vijana wengi na kuwaeleza mwanzo wa ulimwengu. Alisema kwamba wataalamu wa nyota wamegundua mlipuko mkuu ambao vitu vyote vilitokana nao. Kwamba mlipuko huo ndio ile nuru ya siku ya kwanza katika Kitabu cha Mwanzo. Na kwamba tangu ugunduzi huo hakuna tena msomi mwenye haki ya kukana kuwako kwa Mungu. Tulipiga makofi. Kisha kijana mmoja wa darasa la sita la sekondari, anayesomea hisabati na fizikia, aliinua mkono akauliza kwa adabu: "Baba, na kama kesho wataalamu haohao wakigundua kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, Mungu naye atakuwa ameondoka?" Mhubiri alimwambia akae chini, asimjaribu Bwana. Wengine walicheka. Kijana akakaa. Tangu siku ile hatujamwona tena katika kikundi.

Tumeandika ukurasa huu kwa sababu yake.

Swali lake lilikuwa na akili kuliko mahubiri yaliyolitangulia. Mhubiri alikuwa ameifunga imani kwenye nadharia ya kisayansi, kama mtu afungavyo mbuzi wake kwenye kigingi cha jirani. Kijana aliuliza tu nini kitatokea siku jirani atakapokuja kung'oa kigingi chake. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nguo ataidai, na pengine ataidai sokoni, mbele ya watu. Neno letu la leo ni hilo: imani yetu katika Mungu Muumba isivishwe nguo iliyoazimwa kwa wanafizikia, hata kama nguo hiyo ni nzuri, hata kama imeshonwa na padri.

Na kweli imeshonwa na padri. Hebu tusimulie habari zake, kwa maana wengi wanaoitumia nadharia yake kama rungu hawajui kwamba yeye mwenyewe alikataa itumike hivyo.

1. Padri na hesabu zake

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, nchini Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akasoma hisabati na fizikia Louvain, akaingia seminari, akapewa upadri mwaka 1923. Mwaka huohuo alikwenda Cambridge, Uingereza, kujifunza kwa mtaalamu wa nyota Arthur Eddington, kisha akavuka bahari hadi Marekani. Aliporudi alifundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, chuo kilekile ambacho baadaye, mwaka 1954, kilizaa Lovanium mjini Kinshasa.

Einstein alikuwa amekamilisha milinganyo yake juu ya mvutano mwaka 1915. Alipoitumia kwa ulimwengu mzima, mwaka 1917, aliona kwamba ulimwengu haukubali kutulia; basi akaongeza kipengele kimoja ili kuutuliza, kwa kuwa yeye, kama karibu wasomi wote wa siku zile, aliamini kwamba ulimwengu umesimama tuli. Mwaka 1922 Mrusi Alexander Friedmann alionyesha kwamba milinganyo ileile inaruhusu pia ulimwengu unaotanuka. Lemaître, bila kuijua kazi hiyo, alifikia jambo lilelile mwaka 1927, naye akaongeza lililokuwa halijafanywa na mwenzake: aliziunganisha hesabu na vipimo vya galaksi ambazo mwanga wake ulionyesha kwamba zinatukimbia. Mwaka uleule, mjini Brussels, Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi lakini fizikia yake inachukiza. Padri hakukasirika, wala hakusema kwamba anateswa kwa ajili ya imani. Alingoja vipimo. Mwaka 1929 Edwin Hubble alichapisha huko Marekani vipimo vilivyoonyesha kwamba galaksi zilizo mbali zaidi ndizo zinazokwenda kasi zaidi, na baada ya muda Einstein mwenyewe aliuacha ulimwengu wake tuli. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa wataalamu wa nyota ulipendekeza kwamba kanuni hiyo iitwe kwa majina mawili, la Hubble na la Lemaître.

Mwaka 1931 Lemaître alipiga hatua nyingine. Ikiwa ulimwengu unatanuka, basi jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na juzi mdogo kuliko jana. Akiurudisha nyuma hivyo, aliwaza kitu kimoja kilichobeba vyote, ambacho baadaye alikiita atomu ya kwanza, kikavunjika vipande vipande kama zinavyovunjika atomu za radiumu. Mfano huo haukuwa mgeni katika Ubelgiji ya siku zile, maana kiwanda cha Olen kilikuwa kikitoa radiumu kutoka katika mawe yaliyochimbwa kwetu, Shinkolobwe, Katanga. Wazo lake alilitangaza katika barua fupi kwenye jarida la Nature.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wahubiri wetu hawalisimulii. Katika rasimu ya barua ile, Lemaître alikuwa ameandika mwishoni aya moja juu ya Mungu aliyefichika, ambaye fizikia inauachia uumbaji wake pazia lake. Kabla ya kuchapisha, aliifuta aya hiyo. Hakuifuta kwa aibu. Alikuwa anavaa kanzu yake ya upadri mbele ya wasomi wa dunia nzima. Aliifuta kwa sababu barua ilihusu fizikia, na aya ile haikuwa fizikia. Mchoro ule mmoja wa kalamu unatufundisha kuliko hotuba nyingi za mafungo yetu.

Miaka ikapita. Mwaka 1948 wasomi watatu wa Cambridge, Fred Hoyle akiwa mmoja wao, walitangaza nadharia ya kuishindania: ulimwengu usio na mwanzo, unaotanuka daima huku maada mpya ikizaliwa polepole kujaza nafasi. Mwaka uliofuata, katika matangazo ya redio, Hoyle ndiye aliyeiita nadharia ya upande wa pili "mlipuko mkuu", jina ambalo limebaki. Hoyle hakupenda dini, na fikira ya mwanzo ilimnukia sakristia. Kwa hiyo wapo walioichagua nadharia isiyo na mwanzo ili kumkwepa Mungu, na wapo walioichagua nadharia yenye mwanzo ili kumshika Mungu. Wote wawili walikosea kwa namna moja: walidhani kwamba Mungu anapatikana au anapotea katika mlinganyo.

Tarehe 22 Novemba 1951, Baba Mtakatifu Pius XII alihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Kwa furaha kubwa alisema kana kwamba sayansi ya leo, kwa kurudi nyuma mamilioni ya karne, imekuwa shahidi wa ile nuru ya kwanza. Aliweka tahadhari, tuseme haki, kwamba mambo hayo bado si uthibitisho kamili. Lakini magazeti hayasomi tahadhari. Yalitangaza kwamba Papa ameupata mwanzo wa Mwanzo. Lemaître, mwana mtiifu wa Eklezya na mjumbe wa Akademia ileile, alisikitika. Hakuandika gazetini kumpinga Papa. Alizungumza na Padri Daniel O'Connell, Myezuiti aliyekuwa kiongozi wa kituo cha nyota cha Vatikani. Mwezi Septemba 1952 wataalamu wa nyota wa dunia nzima walikutana Roma, na Papa akawahutubia. Safari hii hakurudia kuifanya nadharia ile kuwa shahidi wa imani.

Na katika mkutano uleule wa Roma, Walter Baade aliwatangazia wenzake kwamba umbali wa galaksi uliokuwa ukitumiwa ulikuwa na kosa, na kwamba ilipasa kuuzidisha karibu mara mbili. Fikirini maana yake. Kwa vipimo vya zamani, umri wa ulimwengu ulitoka kama miaka miliari 2, wakati mawe ya dunia yetu, yakipimwa kwa urani, yalikuwa yakionyesha umri mkubwa kuliko huo. Mtoto alikuwa amemzidi mama yake umri! Mhubiri wa mwaka 1935 ambaye angeapa kwa hesabu zile, angeapa kwa jambo lisilowezekana. Sayansi haikuona haya kujirekebisha, maana kujirekebisha ndiyo kazi yake. Aibu ingembaki yule aliyekwisha kuandika hesabu zake juu ya altare.

Mwaka 1958 Lemaître alisema wazi mbele ya wanafizikia kwamba nadharia yake iko nje ya swali lolote la dini, na kwamba inamwachia asiyeamini uhuru wa kumkana Mungu. Na mwaka 1965 ikatangazwa habari iliyoshindisha upande wake: Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wamenasa kwa antena yao mnong'ono wa redio utokao pande zote za mbingu, mwanga mkongwe uliopoa hadi nyuzi 2,7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Lemaître aliipokea habari hiyo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa tarehe 20 Juni 1966. Hata yeye alikuwa amekosea sehemu moja: mabaki ya mwanzo aliyatafuta katika miale ya anga yenye nguvu kubwa, nayo yalikuwa katika mnong'ono huu hafifu. Leo vipimo vinatupa umri wa ulimwengu wa miaka miliari 13,8, yaani milioni 13 800.

2. Kila kazi na chombo chake

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba sayansi ni jambo la pembeni lisilomhusu Mkristu. Tunasema kwamba jembe si nyundo, na anayepigilia msumari kwa jembe huharibu vyote viwili.

Sayansi huuliza jinsi jambo moja la ulimwengu linavyotokana na jingine, na hukubali jibu linaloweza kupimwa na kupingwa. Inajua kwamba urani hugeuka polepole kuwa risasi. Kwamba katika miaka kama miliari 4,5 nusu ya aina yake ya kawaida huwa imegeuka. Basi hupima urani na risasi ndani ya jiwe na kutuambia umri wa jiwe. Katika mlolongo huo kila kitu hutanguliwa na kitu kingine. Sayansi haijawahi kupima "kutokuwako kwa chochote", wala haiwezi, maana kisichokuwako hakina uzito, hakina joto, hakina mwanga. Wale wanaosema kwamba fizikia imeonyesha ulimwengu ukitoka katika utupu wenyewe bila Muumba, wachunguzeni maneno yao: utupu wanaousema una nguvu, una kanuni, una milinganyo. Huo ni utajiri mwingi mno kuitwa "si kitu".

Hisabati ina tabia nyingine. Hiyo haipimi wala haioni. Husema: hiki kikiwa kweli, basi hiki kitafuata. Ni zawadi ya zamani katika ardhi yetu. Mwaka 1950, huko Ishango, mahali Semliki inapotoka katika ziwa Edouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mistari iliyochanjwa kwa makundi, wa miaka kama elfu ishirini. Wataalamu wanabishana kama mistari ile ni hesabu kamili au ni alama tu; lakini hakuna anayekana kwamba mkono uliochanja ulichanja kwa mpango. Tangu mkono ule hadi kalamu ya Lemaître, hisabati imekuwa ikimpa binadamu uwezo wa kwenda mahali miguu isipofika.

Lakini nayo ina mpaka. Mwaka 1970 Roger Penrose na Stephen Hawking walithibitisha kwamba, masharti fulani yakitimia, milinganyo ya Einstein ikirudishwa nyuma lazima ifike mahali inapokatika. Wahubiri wengine wameshangilia: tazama, hapo ndipo kidole cha Mungu! Ndugu zetu, ninyi mnaosafiri katika barabara zetu mnajua kibao kinachosema kwamba daraja limekatika. Kibao hicho kinakuambia kwamba gari lako haliendelei. Hakikuambii nani anakaa ng'ambo. Thibitisho la Penrose na Hawking ni kibao cha namna hiyo: linasema kwamba nadharia hii, kwa masharti haya, haiwezi kwenda mbele zaidi. Wanafizikia wa leo wanajaribu kujenga daraja jingine, na ni haki yao. Siku watakapofaulu kuvuka, je, tuseme kwamba Mungu amefukuzwa kutoka ng'ambo? Sisi ndio tutakuwa tumemweka pale.

Imani inasema neno tofauti kabisa. Inaposema kwamba Mungu ameumba mbingu na dunia, haielezi tu lililotokea zamani sana, saa ya kwanza ya saa zote. Inasema kwamba kila kitu, sasa hivi, kinapokea kuwako kwake kutoka kwa Mungu. Ninyi mnaoimba katika kwaya mtatuelewa. Seremala akimaliza kiti anaweza kwenda zake, hata kufa, na kiti kikabaki. Lakini mwimbaji akinyamaza, wimbo haupo. Ulimwengu kwa Mungu ni kama wimbo kwa mwimbaji. Anayemtafuta Mungu katika sekunde ya kwanza peke yake amemfanya kuwa seremala aliyeondoka.

Mafundisho hayo si mapya, wala si mbinu ya kukimbia maswali ya wasomi wa leo. Mtakatifu Agustino, Mwafrika, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba wakati wenyewe ni kiumbe. Hivyo kuuliza Mungu alifanya nini "kabla" ya kuumba ni kuuliza swali lisilo na maana. Yeye huyo aliwaonya Wakristu wasizungumze ovyo juu ya nyota na dunia kwa kisingizio cha Maandiko, kwa sababu asiyeamini anayejua mambo hayo atawacheka, na baada ya kuwacheka hatawasadiki hata wanapomweleza ufufuko. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo twajua kwa imani, na kwamba akili peke yake haiwezi kulithibitisha. Aliongeza onyo lilelile: tukileta hoja dhaifu kuthibitisha mambo ya imani, tunawapa wasioamini sababu ya kucheka. Kwa Tomaso, hata ulimwengu usio na mwanzo ungemhitaji Muumba vilevile, kama wimbo usio na mwanzo ungemhitaji mwimbaji.

Hilo ndilo jibu ambalo kijana wetu alistahili. La, mwanetu, Mungu hataondoka. Hakuwa amesimama mahali pale alipowekwa na mhubiri.

3. Tunayewapinga

Tunawapinga kwanza wenye hofu. Wapo wanaowaambia vijana kwamba masomo ya fizikia na biolojia yanaua imani, na kwamba anayekubali miaka miliari amemfanya Mungu mwongo kwa sababu Biblia inahesabu siku sita. Sauti hiyo inasikika katika makanisa ya uamsho mitaani mwetu. Tusijifanye kwamba haisikiki pia katika baadhi ya vikundi vyetu vya sala. Eklezya Katolika haifundishi hivyo. Mtaguso wa kwanza wa Vatikani, mwaka 1870, ulifundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, kwa kuwa Mungu ni mmoja aliyetoa zote mbili. Mtaguso wa pili ulitutaka tuzingatie namna ya kuandika ya kila kitabu cha Biblia, na ukaheshimu uhuru halali wa sayansi. Masimulizi ya siku sita ni utenzi wa kumwabudu Mungu mmoja mbele ya mataifa yaliyoabudu jua na mwezi: yanaviita vitu hivyo taa tu, zilizotundikwa na Mungu kumtumikia mwanadamu. Anayeyageuza kuwa kitabu cha fizikia anayanyang'anya ujumbe wao.

Tunawapinga pia wenye dharau, wale wanaorudi kutoka chuo kikuu na kusema kwamba tangu walipojua habari za galaksi hawahitaji tena Misa. Kwao tunasema kwa upendo: mmejifunza jinsi nyota zinavyozaliwa, na mmefanya vema. Lakini kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwako chochote, na kwa nini mtoto wa mkimbizi ana thamani sawa na mtoto wa waziri, hamkujifunza hayo kwa darubini. Mnapotumia jina la sayansi kusema lisilo la sayansi, mnafanya kosa lilelile la mhubiri wetu. Mmebadili upande tu.

Lakini tunawapinga zaidi wenye furaha ya haraka, kwa sababu hao ni sisi. Ni sisi tunaotuma katika simu habari za wasomi "waliomthibitisha Mungu". Ni sisi tunaopiga makofi. Mtatuuliza: kuna ubaya gani, ikiwa watu wanaongoka? Ubaya ni huu. Aliyeongoka kwa sababu ya mlipuko mkuu amebatizwa kwa jina la mlipuko mkuu. Siku nadharia itakapotikisika, naye atatikisika, na hatatulaumu kwa kukosea fizikia. Atasema kwamba tulimdanganya juu ya Mungu.

Mtatuuliza tena: basi imani haina sababu yoyote ya kiakili? Inazo, na Eklezya inafundisha kwamba akili ya binadamu inaweza kumjua Mungu kwa kuvitazama viumbe. Lakini njia hiyo inapita katika kuwako kwenyewe kwa vitu, mpangilio wao na dhamiri zetu. Haingoji matokeo ya darubini ya mwaka huu. Jiwe la Nyiragongo linamshuhudia Muumba hata kwa mtu asiyejua umri wake. Padri Lemaître alistaajabia ulimwengu na kusali. Kisha akarudi kwenye hesabu zake na kuzipima kama asiyeamini ambavyo angezipima. Hakuona mgongano, maana hakumwomba Mungu amfanyie hesabu.

4. Yanayotuhusu sisi

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mabishano ya Roma na Louvain, na kwamba Kongo ina matatizo makubwa kuliko sekunde ya kwanza ya ulimwengu. Hatukubali. Anayezoea kuchanganya vyombo akizungumza juu ya nyota, atavichanganya pia akizungumza juu ya ardhi anayoikanyaga.

Mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na watu wakakimbia usiku wakiwa na watoto mgongoni. Mara zote mbili walipatikana wa kusema kwamba ni adhabu ya dhambi za mji. Lava haikuuliza dhambi za mtu. Ilifuata nyufa za mlima na mteremko wa ardhi, ikameza nyumba za wacha Mungu na za walevi pamoja. Kusali usiku ule kulikuwa haki na wajibu. Lakini sala haipimi mitetemo ya ardhi wala gesi ya mlima. Hayo yanahitaji vyombo, na vyombo vinahitaji vijana waliokubali kukaa na hisabati usiku kucha. Mhubiri anayemtisha kijana wa namna hiyo hadi akaacha fizikia hajamletea Mungu nafsi moja; ameuondolea mji mlinzi mmoja.

Angalieni pia tulivyopoteza. Urani ya Shinkolobwe ilitoka mikononi mwa watu waliochimba bila kuambiwa inafanya nini. Mfupa wa Ishango umehifadhiwa Brussels. Vitu vya ardhi yetu vimewasaidia wengine kuujua ulimwengu, nasi tumebaki kusimuliwa. Hatutarudisha heshima hiyo kwa kupiga makofi kila msomi wa mbali anapotaja mwanzo. Tutairudisha siku watoto wa parokia zetu watakapokuwa wao wenyewe wanaandika barua katika majarida hayo, wakijua lipi la kuandika na lipi la kufuta, kama alivyojua padri yule.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vikundi mambo matatu. Kijana akiuliza swali gumu, asiambiwe akae chini. Kama hamna jibu, semeni kwamba mtalitafuta, na mlitafute kweli. Mhubiri akidai kwamba sayansi imethibitisha fumbo la imani, mwombeni kwa heshima aeleze atafanya nini nadharia ikibadilika. Na anayechagua hisabati, fizikia au kemia, mwombeeni katika Misa kama mnavyowaombea wanaoingia seminari, maana naye anakwenda kuitazama kazi ya Muumba kwa karibu.

Nawe kijana uliyeketi ukachekwa, kama ukurasa huu utakufikia: sisi ndio tuliokosa. Ulilinda heshima ya Mungu kuliko sisi tuliopiga makofi. Rudi. Kiti chako kipo, na safari hii utakapoinua mkono, tutanyamaza tukusikilize hadi mwisho.

Tumsifu Yezu Kristu.